Mstari Uliokataa Kupanda

Ukitaka kuzungumza nami, kaa upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto halirudi. Lilikwenda pamoja na msimu mmoja wa mvua, sindano baada ya sindano, na hakuna aliyeniomba radhi.

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba kifua kikuu chako ni sugu, ukarudi nyumbani na mfuko wa vidonge usijue uuweke wapi wageni wasiuone. Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliiacha darasa la tano, nikapanda nyuma ya lori la kwanza lililokubali kunibeba. Nimechimba manganizi Kisenge, nimeuza sabuni na samaki wakavu Dilolo mpakani, nimelala katika vituo vya treni ambavyo treni zenyewe zilikuwa zimevisahau. Kazi ya mwisho niliifanya Kingamyambo, kwenye kiwanda kidogo cha kuchemsha upya mabaki ya shaba. Nilikuwa nachota tope kutoka kwenye mapipa makubwa ya asidi na kulipeleka maabara, wapime teneur, yaani kiasi cha shaba kilichomo. Msimamizi wetu alikuwa mtu mkali. Ukimletea namba moja alikurudisha.

"Teneur ni ngapi, minaona na macho yangu," alikuwa akisema. "Mi nataka kujua iko inapanda mbio ao polepole. Rudia, chota tena."

Wakati ule nilidhani ananisumbua tu. Maneno yake utayaona tena mbele.

Kifua kilinishika kule Kisenge. Nilipewa dawa, nikapata nafuu, nikaondoka kabla ya kumaliza, kama nilivyoondoka kila mahali. Ugonjwa uliporudi ulirudi umejifunza. Nikaanguka Kingamyambo nikitema damu, na kaka yangu, Yaya Mwepu (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), akaja kunichukua na kunipeleka nyumbani kwake, hapa Kolwezi mjini. Hospitali ikaanza dawa nyingine, zile za walioshindikana, na daktari mkuu akaniambia bila kuzunguka: ukikimbia mara hii, hatuna tena cha kukupa.

Sikukimbia. Nataka hilo liandikwe mahali. Mara moja katika maisha yangu nilikaa mahali pamoja, na ndiyo mara ambayo hakuna aliyeniamini.

Benchi letu lilikuwa nje, chini ya bati, upande upepo unakovuma ili makohozi yetu yaende barabarani kwa malori badala ya kuingia ofisini kwa watu wazima wa afya. Vumbi la malori lilitujia sisi, makohozi yetu yaliwaendea madereva, tulikuwa tunabadilishana. Kila asubuhi muuguzi, Mama Kapinga, mwanamke wa Kikasai mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alitoka na sinia la vidonge.

"Mutu wa njia!" Ndilo jina alilonipa. "Ungali hapa? Mi nilizani umeshafika Dilolo."

"Mama, miguu iko inauma."

"Acha iume. Meza. Fungua kinywa. Inua ulimi."

Wote benchini walicheka, nami nikacheka, kisha nikaanza kupigana na kile kidonge kikubwa. Nikikimeza kwa maji kilirudi. Nilitapika mbele ya watu siku kadhaa mpaka Yaya Mwepu akapata dawa ya dawa: maziwa.

Lazima nikueleze maziwa ni nini kwetu. Baba yetu alifanya kazi kwenye tanuru za kompani, na kompani iliwapa watu wa tanuru maziwa kila siku, ili kuosha sumu ya moshi. Ndivyo walivyoambiwa. Yaya aliingia kompani hiyohiyo, akapewa maziwa hayohayo mpaka kompani ilipokufa mikononi mwao. Mpaka leo, mchimbaji akitoka shimoni na vumbi kooni, akipata chochote mfukoni anatafuta maziwa kwanza. Mahali pengine watu wanaamini hirizi. Hapa tunaamini unga wa maziwa uliokorogwa ukawa mzito kama uji.

"Maziwa inaosha kifua," Yaya aliniambia, akinishikisha kikombe cha bati chenye kifuniko. "Tata alifanya ku funeli, ku moshi ya tanuru, miaka yote. Ulimusikia akikohoa?"

"Tata alikufa na tumbo, Yaya."

"Njo ile minasema. Hakukufa na kifua."

Kwa maziwa, kidonge kilishuka bila ugomvi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kulinda ghala alipokuwa mlinzi, Yaya alipita hospitalini na kikombe kile. Mama Kapinga alikipenda kuliko mimi. Mikono yangu ikitetemeka alikishika yeye mwenyewe, akanipelekea mdomoni.

"Uko na yaya muzuri," aliniambia. "Bengine hapa, hata mayi hakuna mutu wa kubaletea."

Ni kweli. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Shemeji yangu alifunga uzi mwekundu kwenye mpini wa kijiko changu, na sahani yangu aliiweka juu ya bati la jikoni, ikapigwa jua. "Si mi nakukatala, shemeji," alisema akiwa mlangoni, hakuvuka. "Ni juu ya batoto." Nilijua. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Lakini hasira haisikilizi sababu, na kila nilipoona kijiko kile nilitamani kukitupa mtaroni. Yaya alikula bukari, ugali wetu, na mimi nje, mezani pake pakabaki wazi, na kwa hilo mke wake alimnunia majira yote ya baridi.

Mwili wangu ulibadilika rangi. Moja ya zile dawa hugeuza ngozi kuwa ya zambarau iliyokauka, na watoto wa mtaa waliniita Bilinganya. Mbavu zangu ungeweza kuzihesabu kwa macho. Na kila mwezi nilitema makohozi kwenye kikopo, na kila mwezi jibu lilirudi lilelile: wadudu bado wapo.

Baridi ilikuwa inaisha daktari aliposimama mbele ya benchi, faili mkononi, akamuuliza Mama Kapinga kama vile mimi ni kiti.

"Huyu anameza kweli?"

"Anameza mbele yangu, Docteur."

"Basi anaenda kutapika nyuma ya ukuta. Watu wa namna hii nawajua. Alikimbia Kisenge, atakimbia hapa."

"Sijakimbia," nikasema.

Alinitazama, akafunga faili. "Mwili haudanganyi," alisema.

Akaamua: kipimo kijacho kikiwa kilekile, nitaanza sindano. Tuliozoea benchi tulijua sindano zile. Tulimwona jirani yetu mmoja aliyezipata. Sasa ukimwita anatazama upande mwingine.

Kabla ya kipimo hicho alifika mfamasia kutoka Lubumbashi, binti wa kabila la Walunda mwenye miwani mikubwa, tuliyemwita Mamzele Kaj. Alitaka kujua dawa zinafanya nini ndani ya damu zetu. Alinichoma bomba dogo mkononi asubuhi kabla ya kidonge, akaliacha humo, akachukua damu, kisha akachukua tena, na tena, mpaka jioni. Mimi ni mtu wa maswali.

"Mamzele, mara moja haitoshi?"

"Mara moja itaniambia dawa iko kiasi gani. Haitaniambia iko inaenda wapi."

Nikamkumbuka msimamizi wa Kingamyambo, nikacheka hadi nikakohoa. Siku hiyo Yaya alileta kikombe kama kawaida. Mamzele Kaj alikuwa ameinama anaandika vibandiko vya chupa zake. Nilikunywa nyuma ya mgongo wake, wala sikuwa najificha. Chupa zikaenda mbali, kwenye mashine ambazo nchi yetu, inayotoa madini ya mashine, haina.

Majibu yalichelewa. Kipimo cha makohozi hakikuchelewa. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya sindano ya kwanza.

Sitaki kukutisha, lakini sitakudanganya. Matako yalikuwa mawe. Nililala kifudifudi, nikakaa kwa upande mmoja. Mama Kapinga alikishika kichupa cha dawa ndani ya viganja vyake kwanza, kipate joto, kisiume sana. Hakuna kitabu kilichomwagiza, na kwa hilo pekee nimemsamehe mengi. Baada ya muda kidogo likaja lile zumari. Filimbi nyembamba ndani ya kichwa, mchana kutwa, kama mbu aliyeajiriwa. Kisha sauti za juu zikaanza kuondoka. Ndege kwanza. Halafu watoto. Jumapili moja kwaya ilipita barabarani, nikaona wanawake wanafungua vinywa, nikasikia wanaume tu.

Nilisema. Walinipeleka kwa kijana mwenye kisanduku cha kupima masikio. Akaandika. "Bado ni normal," akasema. Mara ya pili nikaenda, mstari wake umeshuka. "Bado ni normal." Mara ya tatu nikamshika mkono.

"Ndugu, tazama. Kila nikija iko chini. Iko inashuka."

"Ndiyo, lakini haijafika hapa." Alinionyesha alama kwenye karatasi. "Ikifika hapa, njo tutaacha."

Ilifika, na sindano hazikuachwa. Sikio la kushoto likafungwa kabisa, la kulia likabaki na robo ya dunia. Yaya ndiye aliyeona kabla ya wote. Alianza tu kuzunguka benchi kila asubuhi, akaja kukaa kulia kwangu, akanyoosha kikombe kutoka upande huo.

Mamzele Kaj alirudi mvua zikielekea mwisho, wakati akina mama wanauza uyoga kando ya barabara. Hakuniita ndani. Alikuja mwenyewe benchini, daktari nyuma yake, Mama Kapinga na sinia lake, Yaya akiwa bado hajaondoka. Akatandaza karatasi moja juu ya mbao. Kulikuwa na mistari ya wagonjwa kadhaa. Karibu yote ilipanda kwa mbio kama mlima wa mabaki ya shaba, ikafika kilele, ikateremka polepole. Mmoja ulitambaa chini kama nyoka mgonjwa.

"Ule wa chini ni wa nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ni wako, Tata," alisema, akiniheshimu kama baba.

"Nilisema," daktari akasema. "Anatema."

"Akitema, mstari hauko kabisa," Mamzele Kaj akamjibu kwa upole, akiongea karibu na sikio langu zuri ili nami nisikie. "Hapa uko. Mdogo, lakini uko. Sasa tuseme mwili wake unatupa dawa haraka kuliko ya wengine. Basi upande wa kushuka ungeanguka mbio. Tazama upande wa kushuka. Kwa kila wanachopoteza wenzake, naye anapoteza fungu lilelile. Kutoka inatoka sawa na kwa wengine. Shida iko ku kupanda. Dawa haikatazwi kukaa. Inakatazwa kuingia. Kuna kitu mlangoni."

Akanigeukia. "Tata, kile kidonge kikubwa unakimeza na nini?"

Kikombe kilikuwa juu ya karatasi yake. Yaya alikiweka pale ili upepo usiipeperushe.

Mamzele Kaj alikifungua kifuniko, akanusa, akafunga. "Kidonge kile na maziwa, vinashikana tumboni," alisema. "Vikishikana, vinapita vyote pamoja, damu haipati kitu. Haya maziwa ni mazito sana. Kila siku?"

"Kila siku," Mama Kapinga akasema. Sauti yake ya kwaya sikuisikia vizuri, lakini niliona alivyoinamisha uso juu ya sinia. "Mi mwenyewe namushikia."

Daktari aliufuata mstari wangu kwa kidole hadi mwisho. Kisha akasema sindano zisimame, akaandika, akaondoka kuelekea ofisini. Nilingoja neno moja. Bado nalingoja.

Yaya alichukua kikombe, akasema anakwenda kukiosha bombani. Mama Kapinga akaendelea na sinia. Mamzele Kaj akabaki, labda kwa sababu ya uso wangu, labda kwa sababu nilikuwa bado nimeishika karatasi yake.

"Nieleze," nikamwambia. "Mbio unaipimaje? Mbio inataka saa mbili, ya kutoka na ya kufika. Wewe unasema mbio ya hapa, ya kidoti kimoja."

Alicheka, mara ya kwanza. "Ni nani alikufundisha kuuliza hivyo?"

"Pipa la asidi."

Akachora juu ya boksi la dawa. Chukua damu saa moja, alisema, na nyingine saa mbili. Tofauti ya dawa igawe kwa muda uliopita. Hiyo ni mbio ya saa nzima, imechanganya ya mwanzo na ya mwisho. Sasa sogeza ile ya pili karibu. Nusu saa. Dakika chache. Dakika moja. Karibu zaidi. Kila ukisogeza, namba unayopata inacheza kidogo, halafu inaanza kutulia, inakwenda kukaa mahali pamoja. Pale inapokwenda kukaa, ndiyo mbio ya kidoti chenyewe. Shuleni wanaiita dérivée. Hakuwa na damu ya kila dakika, aliniambia, ndiyo maana alipitisha mstari katikati ya vidoti na kuusoma huo. Aliweka kalamu ikagusa mstari mahali pamoja tu, akaitelezesha: ikasimama karibu wima upande wa kupanda, ikalala kabisa kileleni. "Hapa mbio ni sifuri. Haipandi, haishuki." Kisha ikainamia upande wa pili. Na aliniambia jambo ambalo bado nalitafuna: dawa inavyokuwa nyingi, ndivyo inavyotoka kwa mbio, ikibaki nusu, na mbio yake inabaki nusu. Hivyo inapungua na kupungua, haina haraka ya kuisha.

Nilielewa. Miaka yote nilidhani nilitupa shule, kumbe shule ilikuwa inanifuata nyuma ya malori. Lakini furaha ile ilikaa kitambo kidogo sana, kwa sababu kilichofuata ni hesabu niliyoifanya mwenyewe. Kila mwezi walitazama makohozi yangu, wakaona wadudu wapo, basi. Wangeitazama dawa ikipanda ndani ya damu, hata mara moja, kabla ya kunihukumu, wangeona. Na yule kijana wa masikio alikuwa na mstari mkononi, unashuka mbele ya macho yake, akangoja ufike kwenye alama. Mtu anayeanguka kutoka juu ya mti, katikati ya safari, naye yuko bado juu. Naye ni normal.

Tangu siku hiyo nilimeza kwa maji. Nilijifunza kukivunja kidonge vipande, kumeza nikiwa nimesimama, kunyonya ndimu kwanza. Nilitapika mara chache, nikarudia. Maziwa nilikunywa jioni, mbali na dawa, kama Mamzele Kaj alivyoniruhusu, mpaka nikaona siyataki tena. Kabla baridi haijakolea, makohozi yalirudi safi. Yakarudi safi tena. Shemeji alikata ule uzi mwekundu kwa meno yake, mbele yangu, akalia. Nilimwambia ni sawa, na ilikuwa karibu sawa. Ngozi inarudi taratibu. Sikio, nimeshasema.

Kwa hiyo wewe uliye benchini: kila unachoweka mdomoni karibu na dawa, kitaje. Maziwa, udongo wanaokula wajawazito, vidonge vya kiungulia, chai ya mizizi ya bibi. Wasipokuuliza, taja. Hawatauliza. Kikombe changu kilikaa mbele yao miezi yote, kina kifuniko kinachong'aa. Na wakikuambia bado uko vizuri, waulize: kwa mbio gani?

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Ile siku ya karatasi, Mamzele Kaj alipokwisha kuondoka, Yaya Mwepu alirudi kutoka bombani. Alikawia sana kwa kuosha kikombe kimoja. Kilikuwa kinadondosha maji. Nilisogea kidogo kumwachia nafasi, kulia kwangu, alipokaa msimu mzima. Hakuja kulia. Alipita mbele yangu, akaenda kukaa kushoto, upande uliokufa. Tukatazama malori wote wawili.

Kisha niliuona mdomo wake, kwa pembe ya jicho, ukisema kitu kifupi. Sauti nzito hunipenya kidogo, kupitia mifupa. Alisema:

"Kumbe ni mi."

Yaya anajua sikio langu kuliko yule mwenye kisanduku. Alichagua upande. Nami niliendelea kutazama barabara, uso wangu wa mtu asiyesikia, mpaka aliposimama kwenda kazini.

Asubuhi iliyofuata alikuja mapema. Kikombe kilikuwa kilekile, na ndani yake maji. Akazunguka benchi, akakaa kulia.